Penalti Iliyokatizwa na King'ora

Habari kwamba mlima utachimbwa upya zilimkuta Kipa akimenya viazi, na hazikumshtua hata kidogo mpaka binti yake alipofikia sehemu inayotaja mchanga. Binti alikuwa anasoma kwenye simu, kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo lisilomhusu. Kampuni mpya haikuwa na haja na mashimo ya zamani. Ilichotaka ni ule mchanga mweupe uliobaki baada ya mawe kusagwa, maana siku hizi kuna mashine za kuchuja hata kile ambacho wakubwa wa zamani walikitupa. Waliowahi kuishi kule juu waliruhusiwa kupanda kuuaga mji wao, Jumamosi moja tu, asubuhi mpaka alasiri.

Kipa aliweka kisu chini. "Mchanga wote utazolewa?"

"Wote, mama."

"Na uwanja?"

"Uwanja upi?"

"Uwanja wa mpira. Uko juu ya mchanga huohuo." Akasimama, viazi vikamwagika, na hakuviokota. "Nipe hiyo simu. Namtaka wifi yangu sasa hivi."

Hapa inabidi turudi nyuma kidogo. Asiyejua habari ya ile penalti atamwona mwanamke huyu kichaa, na mimi sitaki aonewe.

Mji wenyewe ulikaa mgongoni mwa mlima, mahali penye baridi ya kung'ata masikio. Wanaume walishuka shimoni. Wanawake walikuwa na kazi mbili za kuchagua: ama ukae kwenye mkanda wa kuchambua mawe, ukitenga jiwe lenye madini na jiwe bure, ama uingie kwa dobi wa kampuni ukafue ovaroli za wachimbaji, ambazo zilikuwa ngumu kwa tope kiasi kwamba hazikufuliwa kwa mikono. Zilikanyagwa kwa miguu ndani ya mabirika ya saruji, siku nzima. Kwa hiyo mji ulikuwa na wanawake wenye mikono isiyokosa kitu na wanawake wenye miguu ya kutisha, na mtu yeyote mwenye akili angejua kwamba hao wakikutana uwanjani patakuwa na mchezo.

Walikutana kila mwisho wa mwezi. Timu ya wachambuaji iliitwa Mawe, ya dobi iliitwa Sabuni, na walichogombea ni maji ya moto. Bafu la mji lilikuwa moja, na maji yake yalitoka kwenye tangi la mtambo wa winchi, ile iliyoshusha na kupandisha watu shimoni. Yalitosha nusu ya mji. Timu iliyoshinda, wao na waume zao na watoto wao walitangulia kuoga mwezi mzima, maji yakitoa mvuke. Walioshindwa waliingia baadaye wakakuta uvuguvugu wenye povu la wenzao. Wanaume nao walikuwa na ligi, yenye kombe na jezi, lakini kombe halikumwosha mtu mgongo, kwa hiyo hakuna aliyejisumbua nalo.

Kipa alidakia Mawe. Wifi yake, dada wa mumewe, alikuwa mshambuliaji wa Sabuni, na kwa kuwa alipigia mguu wa kushoto, mji mzima ulimwita Shoto. Mwamuzi alikuwa mume wa Kipa mwenyewe, mwendesha winchi. Watu waliona kwamba mtu anayeaminiwa kuning'iniza roho za wenzake kwenye waya anaweza pia kuaminiwa filimbi.

Mechi ya mwisho ilikuwa bila kwa bila na jua limeshaanza kushuka pale Shoto alipomtoka beki wa mwisho na kubaki yeye na goli. Kipa akaona mwezi wa uvuguvugu unamjia. Akamshika sketi. Alimshika kweli, hajawahi kukana, na ukimuuliza leo atakwambia angemshika tena. Mwendesha winchi akapuliza. Akampa dada yake penalti dhidi ya mke wake wa ndoa, mbele ya watu, na hakupepesa macho.

Shoto akaweka mpira, akarudi nyuma, akaanza kukimbia. Hapo ndipo king'ora cha mgodi kilipolia.

King'ora siku ya mapumziko kilikuwa na maana moja tu, na kila mtu alikimbilia winchi akiwa ameshika kichwa. Mara hii hapakuwa na aliyefukiwa. Meneja alipanda juu ya kreti akatangaza kwamba mgodi umefungwa, bei ya madini imeanguka, malori yatakuja kuhamisha watu. Wiki haikuisha, mji ukawa mtupu. Mpira uliachwa palepale ulipowekwa.

Sasa, watu wengine wangesahau. Shoto hakusahau. Kwa miaka thelathini na ushee, kila harusi, kila msiba, kila sherehe ya mtoto kumaliza shule, alingoja watu washibe, kisha akaanza. "Ningefunga. Kulia kwake, chini kabisa, nguzoni. Nimeshaiona inaingia. King'ora ndicho kilichomwokoa huyu." Ndipo Kipa akapewa jina la Bibi King'ora. Hata wajukuu zake walimwita hivyo, kwa mapenzi, wakimrukia mapajani.

Yeye alicheka pamoja nao. Lakini lilimkata maini jina lile, kila siku, tangu siku ya kwanza. Alikuwa kipa bora kuliko wote waliowahi kusimama mlimani, na sasa alijulikana kama mtu aliyeokolewa na kelele. Siku moja mumewe akiwa tayari mgonjwa, alimuuliza: "Baba watoto, niambie kweli. Ningedaka?" Na mwendesha winchi, ambaye hata kitandani hakuweza kupendelea mtu, alifikiri sana akajibu, "Sijui, mke wangu. Haikupigwa." Kisha akafa. Hapakubaki mtu duniani wa kumwambia Kipa alichotaka kujua, na pa kukijulia palikuwa mahali pamoja tu, na pale palikuwa panakwenda kuzolewa kwa mashine.

Simu iliita, Shoto akapokea.

"Wifi, umesikia?" Kipa alisema bila hata salamu.

"Nimesikia. Nimeshatoa viatu kabatini."

"Una goti bovu wewe."

"Goti bovu ni la kulia. La kushoto zima kabisa. Wewe je, na kiuno chako hicho?"

"Kiuno changu kisikutie wasiwasi."

"Hakinitii. Nataka tu usije ukasema ulikuwa mgonjwa. Kulia kwako, wifi. Chini kabisa. Usije ukasema sikukuambia."

Binti wa Kipa ni nesi. Alisimama katikati ya jikoni akaeleza, kwa upole wa wodini, jinsi mfupa wa nyonga unavyovunjika kwa mtu wa umri ule, na jinsi unavyokataa kuunga. Kipa alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Basi uje na mkoba wako wa dawa," akaenda chumbani kutafuta sketi isiyobana. Tangu jioni hiyo majirani walisikia kishindo uani. Alikuwa anajitupa juu ya godoro la mjukuu, upande huu, upande ule, na alipoulizwa alisema anafukuza kuku.

Jumamosi lori liliwapandisha, wachambuaji upande mmoja, madobi upande mwingine, kwa mpango ambao hakuna aliyeupanga. Nywele zilikuwa nyeupe pande zote mbili. Shoto alikaa mbele kabisa, kapakata mpira mpya ndani ya mfuko wa plastiki, na hakumruhusu mtu kuugusa.

Getini walimkuta mlinzi wa kampuni, mwanamume mwenye kitambi kizuri na sura ya mtu aliyenyimwa likizo. Aliwagawia kofia ngumu za manjano, wakazivaa juu ya vitambaa vya kichwa. "Mama zangu, kuangalia ruksa, kugusa marufuku," alisema. "Hakuna kuingia kwenye mashimo. Hakuna kuchukua kitu. Mpira wa nini huo?"

"Wa mjukuu," Shoto alijibu.

"Mjukuu yuko wapi?"

"Bado anakuja," alisema Shoto, akapita.

Mlima ulikuwa umeula mji. Barabara kuu, ambayo zamani gari la meneja lilipita likirusha tope, ilikuwa kichaka cha kufika kiunoni na njia nyembamba katikati. Nyumba za matofali zilisimama safu kwa safu, mabati yameota kutu mpaka yametoboka, na milango iliyobaki bado ilikuwa na rangi ya kijani, maana kampuni ilinunua rangi moja tu na kupaka kila kitu, hata jeneza mara moja. Kipa alitembea polepole. Alikuwa amejiapiza kwamba hatalia, kwa sababu kipa hapaswi kuingia uwanjani na macho yaliyojaa maji.

Walipopita kwenye kila mlango, aliyekumbuka alitaja. Hapa aliishi fundi viatu aliyekoroma mpaka wapangaji wa nyumba ya tatu wakapeleka malalamiko ofisini. Hapa mpima mawe na wake zake wawili ambao walipendana wao kwa wao kuliko walivyompenda yeye. Hapa mwalimu wa darasa la kwanza, aliyefundisha watoto kuhesabu kwa vipande vya waya wa baruti vilivyotumika. "Yuko wapi siku hizi?" "Alifariki." "Na fundi viatu?" "Yupo! Anakoroma kwa mwanawe sasa." Wakacheka. Mlinzi, aliyekuwa nyuma akichunga mikono yao, alicheka pia kisha akakohoa ili ionekane hakucheka.

Kwenye nyumba yake mwenyewe Kipa aliingia peke yake. Chumba kilikuwa kidogo kuliko alivyokikumbuka. Mti mwembamba ulikuwa umechipua pale kitanda kilipokuwa, ukatokea juu kupitia paa. Ukutani palikuwa na doa jeusi la moshi wa jiko, na karibu na mlango ule msumari ambao mumewe alitundikia filimbi. Usiku wa ile mechi walilala wamepeana migongo, yeye akiwa na hasira za penalti, mumewe akiwa na mawazo ya kazi iliyokwisha. Aligusa msumari, ingawa kugusa kulikuwa marufuku. "Leo inapigwa," alimwambia marehemu, kwa sauti kabisa, kisha akatoka.

Kwenye banda la kuchambulia, mkanda ulikuwa umeoza, lakini ubao mrefu uliokuwa pembeni yake ulikuwapo. Ulikuwa na mabonde madogo mawilimawili, sehemu za viwiko vya wanawake waliokaa hapo miaka na miaka. Kipa alitafuta mahali pake, akainama, akaweka viwiko. Viliingia sawasawa. Jiwe lilikuwa likipita hapo haraka, na ulipewa nafasi moja ya kuliona na kulinyakua kabla halijafika kwa mwenzako. Vidole vyake vilianza kucheza vyenyewe hewani, na wachambuaji wenzake waliokuwa wamesimama karibu wakatazama vya kwao, kwa sababu navyo vilikuwa vinacheza.

Upande wa pili wa ua walisikia vishindo. Madobi walikuwa wameingia ndani ya mabirika yao makavu, wanakanyaga, wameinua sketi, na Shoto alikuwa katikati yao akikanyaga kuliko wote. Mguu wa kushoto ulikuwa unashuka kama mchi. Kipa alimtazama wifi yake kwa muda, na kwa mara ya kwanza tangu siku ya viazi, aliogopa.

"Mama," binti yake alimnong'oneza, "bado unaweza kukataa. Hakuna atakayekulaumu."

"Nikikataa, nitalaumiwa na nani? Na mimi mwenyewe, mpaka naingia kaburini. Twende."

Uwanja haukuwa na hata jani moja. Msitu ulikuwa umemeza nyumba, ofisi na bafu, lakini ulipofika kwenye mchanga ulisimama kwa mstari mnyoofu kabisa, kana kwamba umekatazwa. Mchanga ule ulikuwa umesagwa na kuoshwa kwa madawa mpaka hautamaniki kwa mmea wowote. Ulilala mweupe, mgumu, mtupu, vilevile walivyouacha. Hata mistari ya majivu ya makaa ya mawe, ambayo mwendesha winchi aliichora kila mwezi kwa ndoo iliyotobolewa, ilionekana kwa mbali kama michirizi ya kijivu. Wanawake walisimama pembeni, wengine wakavua kofia ngumu.

Goli la upande wa banda, lile lenyewe, lilikuwa limebaki na nguzo moja. Nguzo zote zilikuwa mabomba ya kuchimbia, na lile lingine wauza vyuma chakavu walikuwa wamelikata usawa wa ardhi. Ubishi ukazuka hapohapo. Sabuni walitaka liwekwe jiwe. Mawe walisema jiwe halina urefu, mtu akipiga juu itajulikanaje? Mmoja alishauri tawi, mwingine akamkumbusha kwamba kuchukua kitu ni marufuku. Ndipo Shoto alipogeuka, akamtazama mlinzi toka juu mpaka chini.

"Mwanangu," alisema, kwa sauti tamu sana, "hebu njoo usimame hapa."

"Mimi? Mama, mimi niko kazini."

"Sisi tumekwambia uache kazi? Linda hii nguzo."

"Ipo wapi nguzo?"

"Ni wewe. Nyoosha mikono chini. Usitikisike, na mpira ukija usikwepe, maana nguzo haikwepi."

Mlinzi alitazama kulia na kushoto akitafuta mkubwa wake wa kumwokoa. Hapakuwa na mtu ila wazee wa kike waliomkazia macho kwa jinsi mama yake alivyokuwa akimkazia. Akaenda akasimama juu ya kisiki cha bomba. Kipa alimpanga, akamsogeza kidogo nje, akamwambia avute kitambi ndani kwani kilikuwa kinapunguza goli na yeye hataki upendeleo. Alama ya penalti ilipatikana bila ugomvi. Majivu yalikuwa yameganda pale kuwa duara gumu.

Kipa alisimama katikati ya nguzo na mlinzi. Kulia kwake palikuwa na bomba la chuma, kushoto palikuwa na kitambi. Alitemea viganja, akavisugua kwenye sketi. Mbele yake Shoto aliuweka mpira, akauinua, akauweka tena. Hakuwa anatabasamu, na hakuwa anatania. Uso wake ulikuwa uleule wa jioni ile, ila sasa ulikuwa na mikunjo.

Na hapo Kipa akagundua kwamba hajui aende wapi.

Kwa miaka yote hiyo alikuwa amejiona akiruka, lakini hakuwahi kuwaza upande. Sasa swali lilimjia lote kwa mpigo. Kulia kwako, chini kabisa, nguzoni. Shoto alikuwa amelisema hilo kwa mabibi harusi, kwa wafiwa, kwa walimu wa watoto wake, kwa dereva wa lori asubuhi hii. Mshambuliaji gani anamwambia kipa anakopiga? Labda alikuwa anamtega. Labda alikuwa ameutandaza mtego huo taratibu, harusi kwa harusi, msiba kwa msiba, ili siku moja kipa ajitupe kulia kama gunia na mpira uende zake kushoto, kwa mlinzi. Madobi wana subira. Mtu anayeweza kukanyaga ovaroli moja asubuhi nzima anaweza kungoja.

Shoto alirudi nyuma. Goti la kulia lilimyumbisha kidogo, akalikemea kwa mkono.

Kipa alimtazama usoni akamfikiria, si mshambuliaji, bali wifi yake. Mwanamke mwenye mdomo mrefu kuliko barabara ya mlimani. Aliyemwambia siku ya harusi kwamba gauni halijamkaa, na kweli halikumkaa. Aliyekuja hospitali siku za mwisho za kaka yake, na wakati kila mtu anasema utapona, yeye alisema, "Kaka, hutapona, basi niambie unataka nini," na mgonjwa akacheka kwa mara ya kwanza baada ya wiki nzima. Alimtesa, alimtania, alimpachika jina lililomuuma miaka yote. Lakini katika maisha yao yote, Shoto hakuwahi kumwambia uongo. Hakujua hata unavyosemwa. Ule wa mjukuu pale getini ulikuwa wa kwanza, na sauti ilimtetemeka.

Shoto akaanza kukimbia. Hapakulia kitu chochote mlimani, hata ndege.

Mguu wa kushoto ulishuka, na ule mlio wa mpira kila aliyekuwapo aliujua. Kipa alikuwa tayari hewani. Hakuufuata mpira, aliifuata kauli ya wifi yake, kulia, chini kabisa, nguzoni, na mpira ulikuja hukohuko, kwa kasi ambayo hakuitegemea kwa mwanamke wa umri ule, ukikwaruza mchanga. Kwa kitambo kidogo aliona mkono wake hautaufikia. Kisha vidole vilifanya vilichozoea kufanya kwenye mkanda. Vililiona jiwe, vikalinyakua. Mpira uligonga ncha za vidole, ukagonga bomba likalia ngaa, ukarudi, naye akaufunika kwa kifua, kwa tumbo, kwa kidevu, akalala juu yake uso ukiwa ndani ya mchanga.



"Kadaka!" alipiga kelele mtu, na alikuwa ni mlinzi. Nguzo ya goli ilikuwa inaruka juu chini, kofia imeanguka, kitambi kimesahaulika. "Kadaka! Mmeona? Kadaka!"

Basi pale hapakukalika. Wachambuaji waliingia uwanjani wakikimbia kwa miguu waliyosema inawauma, wakapiga vigelegele mpaka mlima ukawajibu. Nesi alifika wa kwanza, akapiga magoti, akamshika mama yake nyonga. "Inauma wapi? Usinyanyuke! Mama, inauma wapi?"

"Haiumi popote," Kipa alisema, akitema mchanga. Ilikuwa inauma kila mahali, begani, mbavuni, kidevuni palipochubuka, na hajawahi kujisikia mzima namna ile. Furaha ilimpanda kuanzia miguuni. Alijua sasa. Miaka yote hiyo kumbe alikuwa sahihi, na hakuna kelele yoyote duniani iliyomsaidia. Alilia kama mtoto, kwa sauti, bila kuufunika uso, kwa sababu kazi ilikuwa imekwisha na macho yaliruhusiwa.

Kundi lilipasuka katikati, Shoto akapita. Alikuwa anachechemea. Alisimama juu ya wifi yake, mikono kiunoni, na kila mtu akangoja atakachosema.

"Ulijuaje?" aliuliza.

"Uliniambia."

"Ningeweza kupiga kule kwingine. Kule kwa huyu mwenye tumbo palikuwa peupe. Nilikuona umeshaanza kuegemea kulia, nikasema moyoni, peleka kule, Shoto, peleka kule, umemaliza."

"Sasa mbona hukupeleka?"

Shoto alimtazama kama ameulizwa swali la kijinga. "Miaka yote nimesema kulia, halafu leo nipige kushoto? Watu wangesema nini? Na wewe ungesema nini? Ungesema nimekufunga kwa ujanja, na ningekuwa sijakufunga." Alifuta jasho. "Nilipiga nguvu zangu zote, wifi. Sikukuachia hata kidogo. Nataka ujue hilo."

"Najua. Niangalie kidevu."

Shoto alikiangalia. Kisha akaanza kucheka, kicheko kilekile cha birikani, akainama akampa mkono, na kwa kuwa mmoja alikuwa na goti na mwingine kiuno, walivutana wakaanguka wote wawili mchangani. Ilibidi mlinzi awanyanyue. Mlinzi aliwanyanyua, akamwomba Kipa wapige picha pamoja, yeye akiwa amesimama palepale alipokuwa nguzo.

Walishuka alasiri, lori likiimba. Sabuni waliimba kwa sauti kubwa zaidi ya Mawe, kwa kuwa hawakutaka ionekane wanaona aibu. Kwenye kituo cha kwanza chini ya mlima, mahali penye maduka machache na soko dogo, dereva alisimama kutia maji kwenye rejeta. Kabla injini haijapoa Shoto alikuwa ameshashuka, bila msaada, akaenda moja kwa moja mpaka katikati ya wauza nyanya na waendesha pikipiki, watu ambao hawajawahi kumwona wala kusikia habari za mgodi wowote.

"Jamani, nisikilizeni!" alisema, akaelekeza kidole kwenye lori. "Mnamwona yule mama pale, mwenye mchanga kichwani? Mtazameni vizuri. Nimempigia penalti, kwa mguu huu hapa, mguu ambao haujawahi kukosa. Amenidaka!"

"Lini hiyo, bibi?" aliuliza mwenye pikipiki mmoja, akitabasamu.

"Leo! Leo hii mchana! Mimi, Shoto, nimedakwa! Ulizeni huko mlimani mimi ni nani, kisha mje mniambie huyo anayenidaka mimi ni mtu wa namna gani!"

Watu wa sokoni hawakuelewa kitu, lakini furaha ya namna ile haihitaji maelezo, na mmoja akaanza kupiga makofi, wengine wakafuata, mpaka muuza nyanya akaacha mizani yake. Nesi alimwomba mama yake akae chini, apumzishe nyonga. Kipa hakumsikia. Alishika chuma cha ubavu wa lori, akasimama, akajinyoosha wima kabisa, ili hata wale wa nyuma wamwone.